Kufundisha Sayansi kwa Tatizo: Maswali Wanayouliza Mara kwa Mara Walimu wa Wanafunzi Wenye Vipawa

Majibu haya ni kwa walimu wa fizikia, kemia na baiolojia wa sekondari. Wengine wenu mko kwenye shule za vipaji maalumu. Wengine mna darasa la kawaida lenye wanafunzi wawili watatu wanaomaliza zoezi kabla hujaweka chaki chini. Mfano mkuu unatoka Arusha, lakini mwalimu wa Kisumu, Bukavu au Unguja ataona mahali pa kubadilisha ili umfae.

Kufundisha kwa tatizo ni kufanya nini hasa?

Tatizo linatangulia, somo linafuata. Tulivyozoea, mwalimu hueleza asidi na besi, hutoa mifano, halafu mwisho wa mada ndipo linapokuja swali la matumizi. Hapa wanafunzi wanakabidhiwa kwanza hali iliyokwama. Wakihangaika nayo, wanafika mahali ambapo hawawezi kusonga bila kujua pH (kipimo cha uasidi) ni nini. Hapo wanaitafuta, iwe kwako, kitabuni au maabara, na wanaitafuta kwa sababu wanaihitaji.

Si kila swali gumu ni tatizo la aina hii. Swali la risasi iliyorushwa kwa pembe fulani lina jibu moja, na data zote zimo ndani yake, hata kama litawatoa jasho. Tatizo tunalolizungumzia halikuambii liko kwenye mada ipi. Taarifa muhimu zinakosekana, zisizo na kazi zimo tele, na watu wawili wenye akili timamu wanaweza kulimaliza kwa njia tofauti na wote wakawa na hoja.

Mbinu hii ilianzia wapi?

Kwa madaktari. Mwaka 1969 chuo cha udaktari cha McMaster, mjini Hamilton nchini Kanada, kilianza kufundisha kwa kuwapa wanafunzi mgonjwa kwanza na nadharia baadaye. Howard Barrows, daktari wa mishipa ya fahamu, ndiye aliyeieneza sana mbinu hiyo, na Maastricht huko Uholanzi wakaijenga shule yao ya tiba juu yake katika miaka ya 1970.

Kwa wanafunzi wenye vipawa wa sekondari, jina linalotajwa zaidi ni Illinois Mathematics and Science Academy, shule ya serikali ya bweni iliyofunguliwa mwaka 1986 mjini Aurora, karibu na Chicago. Walimu wake, William Stepien akiwa mmojawapo, pamoja na mtafiti Shelagh Gallagher, walitengeneza somo zima la wanafunzi wa mwaka wa mwisho lililokwenda kwa matatizo ya sayansi na jamii. Miaka ya mwanzo ya 1990, chuo cha William & Mary cha Virginia, chini ya Joyce VanTassel-Baska, kikaandaa moduli za sayansi za aina hiyo kwa watoto wa shule za msingi wenye vipawa. Mojawapo inaanza na lori lililopinduka barabarani likimwaga kimiminika kisichojulikana, na watoto wanavaa kofia ya msimamizi wa askari wa barabara kuu. Kemia yote ya asidi inaingilia hapo.

Kwa nini wenye vipawa? Kwani wengine hawafaidiki?

Wanafaidika. Ila mwenye kipawa ana shida yake ambayo mbinu hii inaigusa moja kwa moja: amezoea kupata. Tangu darasa la kwanza ameulizwa maswali yenye jibu, amelitoa upesi, amepigiwa makofi. Akifika kidato cha tatu anajua kujibu kuliko anavyojua kuuliza. Mpe hali ambayo swali lenyewe halijulikani, utamwona aliyeongoza mkoa mzima akikaa kimya akikusubiri useme "tafuta thamani ya x".

Gallagher na wenzake, katika utafiti uliotoka mwaka 1992, waliwalinganisha wanafunzi wa shule ile ya Illinois waliosoma somo la matatizo na ambao hawakulisoma. Tofauti iliyojitokeza ilikuwa pale mwanzoni kabisa pa kazi: waliosoma kwa matatizo walizoea kusimama kwanza na kujiuliza tatizo ni lipi kabla ya kulitatua. Kwangu hiyo ndiyo hoja yote ya mbinu hii. Mwanasayansi anayejua kukokotoa tu, kikokotoo kinamshinda.

Kuna sababu ya pili, na hii inatoka kwa wakosoaji. Mwaka 2006 Paul Kirschner, John Sweller na Richard Clark waliandika makala kali kupinga mbinu zinazomwacha mwanafunzi atafute njia kwa mwongozo mdogo. Walisema kichwa cha anayeanza kinalemewa, hivyo aonyeshwe kwanza kwa mifano iliyofanyiwa kazi. Nadhani kwa mwanafunzi mchanga wa mada wana haki. Lakini utafiti huohuo wa mzigo wa akili unaonyesha kwamba mwongozo unaomsaidia mgeni humkwaza aliyekwisha kuwa na msingi, kwa sababu analazimika kusikiliza anachokijua. Darasa la wenye vipawa limejaa watu wa aina hiyo ya pili. Sasa usikimbilie kumwachia kila mtu kila kitu. Pima msingi wao kwanza.

Mwenye kipawa nitamjuaje? Kwa alama?

Alama zinakupa baadhi. Shule za vipaji maalumu za Tanzania (Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Tabora Wavulana, Tabora Wasichana, Kilakala na Msalato) hupata wanafunzi wake kwa mtihani wa darasa la saba, na mtihani huo humpata hodari wa mtihani. Haumpati kwa uhakika mtoto anayefumua redio ya babu yake na kuifunga tena ikafanya kazi. Tatizo zuri humfichua huyo. Walimu wengi waliojaribu watakwambia mpangilio wa darasa unavurugika wiki ya kwanza: wa nane anakuwa wa kwanza kuona kiini cha jambo, wa kwanza anatafuta pa kujificha.

Tupe mfano mmoja kamili.

Huu ni wa kemia, kidato cha tatu au cha nne. Nimeuchagua kwa sababu jambo lenyewe ni la kweli na lipo nje ya madirisha ya shule nyingi za Arusha na Kilimanjaro: floraidi kwenye maji, ambayo ikizidi huharibu meno. Kijiji na kamati hapa chini ni vya kubuni. Wanafunzi wanapewa karatasi hii tu, bila kichwa cha mada:

"Ninyi ni kamati ya maji ya kijiji kilicho chini ya Mlima Meru. Kisima kirefu kimemalizika kuchimbwa kwa msaada wa mfadhili. Maji yake ni meupe, hayana harufu, na akina mama wanayasifia kwamba sabuni inatoa povu upesi. Uzinduzi ni Jumamosi ya wiki ijayo na mgeni rasmi amekwisha alikwa. Leo asubuhi muuguzi wa zahanati ameleta barua. Anasema watoto wengi waliozaliwa hapa wana meno yenye madoa ya kahawia, lakini wazazi wao waliohamia kutoka Lushoto wakiwa watu wazima meno yao ni meupe. Anaomba uzinduzi usubiri. Mwenyekiti anasema watu wachemshe maji, yaishe. Kamati itamjibu nini?"

Kipindi cha kwanza ubao unagawanywa sehemu tatu: tunajua nini, tunahitaji kujua nini, tutajuaje. Wewe unaandika, wao wanasema. Kwenye sehemu ya kwanza watachanganya vinavyojulikana na wanavyodhani ("maji yana sumu"). Usivifute. Uliza tu: hiyo imeandikwa wapi kwenye karatasi? Baada ya mara mbili tatu wataanza kuulizana wenyewe.

Sehemu ya pili ndiyo yenye utajiri. Kwa nini watoto na si wazazi? Povu la sabuni linahusikaje? Kuchemsha kunaondoa nini na kunabakiza nini? Nani aliyapima maji haya, na alipima kitu gani?

Fuata uzi wa povu. Maji yanayotoa povu upesi ni maji laini, yaani yana kalsiamu na magnesi kidogo. Hiyo ni mada ya ugumu wa maji, ambayo ungeifundisha hata hivyo. Lakini hapa ulaini ni dalili mbaya. Maji yaliyopita kwenye miamba ya volkano ya Meru huwa na sodiamu na baikaboneti kwa wingi na kalsiamu kidogo, na kalsiamu ingekuwa nyingi ingeikamata floraidi na kuituliza chini kama kalsiamu floraidi, ambayo haiyeyuki kirahisi. Kalsiamu haipo, kwa hiyo floraidi inabaki ndani ya maji. Mwanafunzi akiliona hilo mwenyewe, sifa ya akina mama inageuka kuwa ushahidi. Sijaona swali la mtihani linaloweza kumfanyia hivyo.

Uzi wa pili ni meno. Enameli ya jino imejengwa na apataiti, madini ya kalsiamu na fosfeti yenye hidroksidi ndani yake. Floraidi inaweza kukaa pahali pa hidroksidi, na ikizidi wakati jino linajengwa, enameli inatoka na kasoro. Meno ya kudumu hujengwa utotoni. Mtu mzima aliyehamia yake yamekwisha kukamilika. Ndiyo maana wazazi wa Lushoto wamesalimika, ingawa mifupa yao haina kinga hiyo ikiwa watakunywa floraidi nyingi kwa miaka mingi.

Na kuchemsha? Karibu kila darasa huwa na kundi linaloafikiana na mwenyekiti. Kuchemsha kunaua vijidudu, floraidi haivukizwi. Maji yanapungua sufuriani na floraidi iliyobaki inakuwa kali zaidi kwa kila lita. Waache walifikie hilo kwa sufuria, mizani na chumvi ya kawaida. Ni jaribio la dakika ishirini.

Sasa suluhisho. Hapa ndipo wanapodhani kwamba kemia ikishajulikana kazi imekwisha, na ndipo unapowaongezea mzigo. Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu mpaka miligramu 4, kwa kuwa kuna maeneo ambayo ukikataa maji yenye floraidi unabaki bila maji. Je, serikali ilikosea? Wape kipindi kizima wabishane. Halafu kuna njia za kuiondoa. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, mkoani Arusha, kimefanyia kazi mkaa wa mifupa: mifupa ya ng'ombe inachomwa kwa hewa kidogo, inasagwa, maji yanapitishwa humo. Kinachotokea ndani ya chujio ni kilekile kilichotokea kwenye jino, floraidi ikichukua nafasi ya hidroksidi. Mwanafunzi akiugundua mfanano huo bila kuambiwa, mwache auseme kwa sauti darasa zima lisikie. Pia yupo Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha, ambaye chujio lake la maji lilishinda tuzo ya uhandisi ya Afrika ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza mwaka 2015. Na kuna kuvuna maji ya mvua, jambo rahisi ambalo wenye vipawa hulidharau mpaka wapige hesabu za gharama.

Mkaa wa mifupa una maswali yasiyo ya kemia. Mifupa ya mnyama gani? Amechinjwa na nani? Kuna nyumba zisizokubali maji yaliyopita kwenye mfupa, na kamati ya maji isiyolijua hilo itajenga chujio litakalokaa bila kutumika. Kisha muulize mtu wa kundi la mwisho kuhusu magadi ya kuivishia maharage na makande. Magadi yanaweza kuleta floraidi yake mwenyewe jikoni, hata kama kisima ni safi.

Angalizo ambalo halimo kwenye vitabu vya mbinu: katika darasa la Arusha au Kilimanjaro, kuna uwezekano mkubwa wanafunzi wako wawili watatu wana meno hayo ya kahawia. Zungumza nao kabla, faraghani. Asije mtu akawa kielelezo cha darasa bila ridhaa yake.

Floraidi inapimwaje shuleni? Hatuna vifaa.

Hampimi floraidi. Kipimo chake kinataka vifaa na kemikali ambazo maabara nyingi za shule hazina. Mnapima vinavyopimika: pH kwa karatasi au kiashiria, alkali ya maji kwa bureti, asidi hidrokloriki na methili oranji (zoezi mnalolifanya kila mwaka kwa ajili ya mtihani wa vitendo), na ugumu kwa sabuni. Kipimo cha floraidi unakiandaa wewe kama karatasi ya majibu kutoka "maabara ya maji ya mkoa", yenye takwimu ulizotunga ndani ya mipaka inayowezekana, ukishawaambia darasa kuwa ni za zoezi.

Siri iko kwenye kuitoa. Karatasi hiyo haigawiwi. Anaipata anayeiomba, akiwa ametaja anataka kipimo gani na atakifanyia nini. Kundi likija na "tunaomba data zote", warudishe.

Na kwa jumla, uhaba wa vifaa si kikwazo kikubwa hapa kama ulivyo kwa mbinu nyingine. Kinachohitajika zaidi ni vitabu vichache, mwalimu mmoja wa jiografia anayekubali kuhojiwa kuhusu volkano, na ruhusa ya kumwalika mtu wa idara ya maji.

Silabasi itaisha kweli?

Hili ndilo huulizwa kwa sauti ya chini, baada ya mkuu wa shule kutoka. Mfano wa floraidi unachukua vipindi sita hadi vinane. Ndani yake umefundisha ugumu wa maji, chumvi na umumunyifu, asidi na besi, upimaji wa ujazo, na kipande cha baiolojia ya meno. Ukiufanya kama burudani ya Ijumaa juu ya silabasi, utachelewa. Ukiufanya uwe ndiyo njia ya kufundishia mada hizo, utachelewa kidogo au hutachelewa.

Ushahidi uliopo una pande mbili na ni haki uujue. Mwaka 2003 Filip Dochy na wenzake walikusanya tafiti nyingi za mbinu hii, nyingi zikiwa za vyuo vya tiba. Wanafunzi wa matatizo walikuwa bora wazi katika kutumia maarifa, huku kwenye wingi wa maarifa yenyewe mwelekeo ukiwa wa kushuka kidogo. Walichojifunza, hata hivyo, kilidumu zaidi. Kule Illinois, Gallagher na Stepien walipolinganisha madarasa ya historia ya Marekani, waliosoma kwa matatizo hawakuzidiwa kwenye mtihani wa kuchagua jibu. Lilikuwa somo la historia, lakini hofu ni ileile.

Ushauri wangu: mada mbili au tatu kwa mwaka. Zilizobaki fundisha ulivyozoea, na uzifundishe vizuri. Shule inayotaka kila mada iwe tatizo itachoka kabla ya likizo ya Juni, na walimu wake watarudi kuamuru watoto wakariri.

Wakati wanajadili, mimi nafanya nini?

Kazi ngumu kuliko kuhutubia: kujizuia. Unazunguka kwenye makundi ukiwa na maswali machache mfukoni. Umejuaje? Kuna maelezo mengine yanayowezekana? Ukikosea hapo, nini kitaonyesha kwamba umekosea? Mwenzako hapa hakubaliani, mwambie kwa nini. Barrows aliwataka wakufunzi wake waulize maswali ambayo mtaalamu hujiuliza kimoyomoyo, mpaka mwanafunzi aanze kujiuliza mwenyewe.

Kujizuia si kunyamaza. Makundi yote yakikwama mahali pamoja, simama ufundishe dakika kumi na tano kwa chaki, kama kawaida. Yakikwama kwa sababu hayajui namna ya kusoma bureti, onyesha. Kinachokatazwa ni kuwaambia tatizo ni lipi.

Mwanafunzi akiuliza nisichokijua?

Tanzania ina jibu la swali hili kwenye historia ya fizikia. Mwaka 1963, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika sekondari ya Magamba, Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Nafasi kwenye friza ilikuwa inagombewa, akaogopa kuikosa, akaweka mchanganyiko wake ungali moto. Ulioganda kwanza ulikuwa wake. Alipouliza sababu, mwalimu alimwambia atakuwa amechanganyikiwa. Aliendelea kuuliza hadi shule ya Mkwawa, Iringa, na huko akataniwa kuwa hiyo ni fizikia ya Mpemba. Siku Denis Osborne, mhadhiri kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alipotembelea shule, Mpemba alisimama akauliza tena mbele ya wote. Wanafunzi wakacheka. Osborne hakuwa na jibu. Akaahidi kulijaribu maabara, akalijaribu, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja.

Wanaosimulia kisa hiki huishia hapo, kwenye ushindi. Mimi hupenda kinachofuata. Mpaka leo wanasayansi hawajakubaliana. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walichapisha majaribio ambayo hayakuona ushahidi wa jambo hilo, wakaonyesha kuwa kusogeza kipimajoto kidogo tu juu au chini kunaweza kubadilisha matokeo. Hilo linaifanya athari ya Mpemba kuwa tatizo zuri mno la kidato cha tano: wanafunzi wapange jaribio, waamue "kuganda" kunahesabiwa lini (barafu ya kwanza, au pande zima?), chombo gani, kifuniko kiwepo au kisiwepo. Watapata majibu yanayopingana kundi kwa kundi. Wasipatanishwe haraka.

Kwa hiyo ukiulizwa usichokijua, fanya kama Osborne. Andika swali ubaoni, useme hujui, kisha mpange mtajuaje.

Mwenye kipawa hapendi kazi ya kundi. Anasema wenzake wanamchelewesha.

Mara nyingi anasema kweli. Amezoea kundi ambalo yeye anafanya na wengine wanaandika majina. Usimhubirie umoja. Mpe tatizo ambalo peke yake hatalimaliza. Kundi liwe la wanafunzi watano au sita, kila mmoja apewe karatasi ya taarifa ambayo wengine hawana, na anayewasilisha achaguliwe kwa kura ya bahati asubuhi ya siku yenyewe. Hodari asiyewaelewesha wenzake ataumia siku kura itakapomwangukia mwingine.

Kwenye darasa lenye uwezo mchanganyiko, usimfanye mwenye kipawa kuwa mwalimu msaidizi wa kudumu. Naye ana haki ya kujifunza kitu kipya siku hiyo.

Wajadili kwa Kiingereza au Kiswahili?

Wafikiri kwa lugha wanayofikiria. Sekondari ya Tanzania inatahini sayansi kwa Kiingereza, kwa hiyo ripoti iandikwe kwa Kiingereza na istilahi ziwe sahihi. Lakini mjadala wa kundi ukiulazimisha uwe wa Kiingereza, utawasikia wakisema sentensi fupi salama walizozikariri. Ubishi wa kweli utahamia bwenini.

Simu na akili unde je?

Pale zinaporuhusiwa, programu hizo zitatoa maelezo ya floraidi kwa sekunde chache. Hazina barua ya muuguzi, hazijui povu la kisima chako, wala hazikai kwenye kamati. Kadiri tatizo lako linavyofungamana na mahali, ndivyo jibu la jumla linavyopungua thamani. Dai kila madai yawe na chanzo kinachoweza kukaguliwa, basi.

Natoaje alama?

Kwa vitu viwili tofauti. Maarifa yapime kwa mtihani wa kawaida wa mada, maana wazazi, wakaguzi na Baraza la Mitihani watauliza hayo, na wanafunzi wenyewe wanataka kujua wamesimama wapi. Kufikiri kupime kwa daftari la tatizo. Mwanafunzi aandike sentensi moja ya "tatizo letu ni hili" siku ya kwanza, katikati, na mwisho. Siku ya kwanza ataandika "maji ni machafu". Mwisho anaweza kuandika "kijiji kinahitaji maji ya kunywa yenye floraidi isiyozidi miligramu 1.5 kwa gharama kinayoimudu, na kwa njia ambayo kila kaya itaikubali". Safari kati ya sentensi hizo ndiyo unayoipa alama.

Kundi lililopendekeza suluhisho tofauti na ulilotarajia lisipunguziwe kama hoja zake zimesimama. Kundi lililofikia suluhisho lako kwa kukisia lisizawadiwe.

Je, si sawa na miradi ya maonesho ya sayansi?

Ni ndugu, si pacha. Kwenye maonesho kama ya Young Scientists Tanzania, au yale ya sayansi na uhandisi ya Kenya, mwanafunzi huchagua jambo lake na kulifanyia kazi kwa miezi hadi apate cha kuonyesha. Tatizo la darasani unalichagua wewe, kwa sababu unajua mada zilizofichwa ndani yake. Mwanafunzi aliyepitia matatizo mawili matatu darasani huja na mradi bora. Wale wasiopitia mara nyingi huleta volkano ya magadi na siki.

Nitapata wapi matatizo mengine?

Karibu na ulipo. Kwa fizikia: transfoma ya kijiji inayoungua kila msimu wa mvua, au taa za sola zinazozimika saa nne usiku. Kwa baiolojia: sangara aliyeingizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950, aliyelisha viwanda na kuangamiza samaki wengi wa asili, waweke kwenye nafasi ya kamati inayoulizwa kama aina nyingine mpya iingizwe. Kwa Pwani na Visiwani: visima vinavyogeuka vya chumvi, kilimo cha mwani kinachonyong'onyea maji yakipata joto. Kabla ya kulitumia, jaribu kulitatua mwenyewe jioni moja. Ukilimaliza ndani ya nusu saa bila kutafuta chochote, ni zoezi tu, liweke kwenye mtihani wa katikati ya muhula.

Nianze lini?

Muhula wa kwanza, kidato cha tatu au cha tano, mbali na moko. Usianze na kidato cha nne mwezi wa nane. Watakuona unawapotezea muda, na watakuwa na haki. Anza na tatizo dogo la vipindi viwili vya mfululizo ili darasa lizoee ubao wa sehemu tatu. Mwarifu mwalimu wa taaluma mapema kwamba siku hizo darasa litakuwa na kelele na andalio lako la somo litakuwa na maswali mengi kuliko maelezo. Akipita dirishani, mkaribishe aketi kwenye kundi.